Ndege za Mabomu Zilizoanguka Bila ya Adui



Mtu akisikia kwamba kijana fulani alikufa vitani akiwa rubani wa ndege ya mabomu, mara moja hudhani kuwa alipigwa mzinga na adui juu ya mji wa ugenini. Aghalabu ndivyo ilivyokuwa. Walakini katika Vita Kuu vya Pili, vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, maelfu ya vijana walikufa bila ya kumwona adui hata mara moja. Wengine walikuwa bado wanafunzi. Wengine walikuwa wakipeleka ndege mpya kutoka kiwandani hadi mahali zilipohitajiwa.

Hesabu yao si ndogo. Katika jeshi la ndege za mabomu la Uingereza walitumika warukaji wapatao 125,000, na katika hao 55,573 walikufa. Zaidi ya 8,000 katika waliokufa hawakuuawa na adui, bali waliangamia katika mafunzo na safari nyingine zisizo za vita. Marekani nayo, ndani ya mipaka yake yenyewe, mahali ambapo hapakuwa na mizinga ya adui, ilipoteza karibu watu 15,000 wa jeshi lake la anga kwa ajali za ndege za kila namna, tangu Desemba 1941 hata Agosti 1945.

Wahenga wamesema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo lina hekima yake, kwani hakuna ajuaye yatakayompata kesho. Lakini mtu akilitumia ili asitafute sababu ya ajali, amelitumia vibaya. Habari za ndege hizi zaonyesha wazi kwamba kila ajali ilikuwa na chanzo, na kwamba waliokubali kukitafuta waliokoa roho nyingi.

Komeo lililosahauliwa

Tarehe 30 Oktoba 1935, kabla ya vita, ndege mpya ya kampuni ya Boeing ilikuwa ikijaribiwa katika kiwanja cha Wright Field, karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Ilikuwa na injini nne, na kwa mwendo na urefu wa safari iliwashinda wenzake wote katika mashindano. Aliyeishika usukani siku hiyo, Meja Ployer Hill, hakuwa mwanafunzi. Alikuwa rubani hodari wa jeshi. Ndege ikakimbia, ikaruka, ikainua pua juu kupita kiasi, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Meja Hill alikufa, na Leslie Tower, rubani wa Boeing aliyekuwa pamoja naye, akafa baadaye kwa majeraha yake.

Wachunguzi hawakuona injini iliyoharibika wala bawa lililovunjika. Ndege ile ilikuwa na komeo la kuzuia sehemu za mkiani zisipigwepigwe na upepo wakati ndege iko chini. Komeo hilo lilipaswa kufunguliwa kabla ya kuruka, na halikufunguliwa.

Wako waliosema kuwa ndege ile ilikuwa na mambo mengi mno, hata haikuwezekana kurushwa na binadamu. Marubani wa jeshi hawakukubali. Wala hawakusema kwamba atafutwe rubani mwenye akili kuliko Meja Hill, kwani walijua kuwa si rahisi kumpata. Walichofanya ni kuandika karatasi fupi yenye orodha ya mambo ya kukaguliwa, moja baada ya jingine, kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Kichwa cha binadamu chaweza kusahau, karatasi haisahau. Ndege ile ndiyo iliyokuja kuitwa B-17, na zaidi ya 12,700 za namna yake ziliundwa.

Ndege iliyoogopwa na wanafunzi

Vita vilipoenea, wanafunzi walikuwa wengi na muda wa kuwafundisha ulikuwa mfupi. Wakati huo Marekani ilikuwa na ndege iliyoitwa B-26 Marauder, kazi ya kampuni ya Glenn Martin. Serikali ilikuwa na haraka hata ikaiagiza kabla ya moja ya kujaribiwa kuundwa. Mabawa yake yalikuwa mafupi, mwendo wake mkali, na ilikuwa lazima itue kwa kasi ambayo wanafunzi waliotoka katika ndege ndogo za mafunzo hawakuizoea.

Katika kiwanja cha MacDill, karibu na mji wa Tampa, Florida, ndege hizo zilianguka mara kwa mara hata wanafunzi wakatunga msemo kwamba kila siku moja huzama katika ghuba ya Tampa. Msemo ulizidi kweli, lakini hofu iliyouzaa ilikuwa ya kweli. Habari zikafika mpaka kwa kamati ya Seneta Harry Truman, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, na pakatokea shauri la kuacha kabisa kuziunda ndege hizo.

Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kuwa sababu hazikuwa moja. Wanafunzi walikuwa wachanga, na mafundi wa chini vilevile. Rafadha ziliongozwa kwa umeme, na betri ikipungua nguvu, rafadha yaweza kuzunguka bila kizuizi wakati ndege inaporuka. Tena ndege ilikuwa imeongezewa mizigo tangu ilipochorwa mara ya kwanza, lakini mabawa hayakuongezwa.

Basi kila jambo likatengenezwa mahali pake. Mafundi walifundishwa upya. Mabawa yakarefushwa kwa futi 6. Jimmy Doolittle, kamanda aliyeongoza ndege kuupiga mji wa Tokyo mwezi Aprili 1942, alimtuma rubani Vincent Burnett azunguke katika viwanja vya mafunzo. Burnett alizima injini moja hali akiruka, akaigeuza ndege huku na huku, na wanafunzi wakaona kwa macho yao kwamba yaweza kurushwa salama. Ilipofika mwisho wa vita, katika Ulaya, ndege hiyo iliyoitwa muuaji ilipotea chini ya mara moja katika kila safari 200 za vita.

Hatari ya kupeleka ndege

Kulikuwa na vijana wengine ambao kazi yao ilikuwa kupeleka ndege tu. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1940, ndege saba za mabomu aina ya Hudson ziliondoka Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, zikavuka Bahari ya Atlantiki wakati wa baridi, jambo ambalo wataalamu wengi walidhani haliwezekani. Kiongozi wao alikuwa Donald Bennett wa Australia. Zote saba zilifika Ireland ya Kaskazini.

Si wote waliofuata waliokuwa na heri hiyo. Mwezi Februari 1941 Hudson moja iliyokuwa imeondoka Gander iliharibika injini, ikajaribu kurudi, ikaanguka karibu na Musgrave Harbour. Katika watu wanne waliokuwamo, rubani peke yake ndiye aliyepona. Mmoja wa waliokufa alikuwa Dakta Frederick Banting wa Kanada, ambaye pamoja na wenzake aligundua insulini, dawa inayowahifadhi wagonjwa wa kisukari mpaka leo.

Tena kulikuwa na safari ya kurudi. Rubani aliyefikisha ndege Uingereza alitakiwa arudi Amerika kuchukua nyingine, naye alirudishwa kama abiria katika Liberator, ndege ya mabomu isiyotengenezwa kwa kubeba abiria. Tarehe 10 Agosti 1941 Liberator moja ilipiga mlima katika kisiwa cha Arran, Scotland, na watu 22 wakafa. Siku nne baadaye nyingine ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka kiwanja cha Ayr, na watu 22 wengine wakafa. Wengi wao walikuwa warukaji waliokwisha vuka bahari salama wakiwa kazini.

Afrika nayo ilikuwa na njia yake. Tangu Septemba 1940 ndege zilizoletwa kwa meli katika masanduku ziliunganishwa Takoradi, Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, zikarushwa kupita Nigeria, Chad na Sudan mpaka Misri. Mara nyingi Blenheim moja ya mabomu ilitangulia kuonyesha njia, na ndege ndogo za vita zikafuata nyuma yake juu ya mchanga usio na alama.

Kenya yenyewe ilikuwa mahali pa mafunzo. Vijana wa Uingereza na wa nchi nyingine walijifunza kurusha ndege za mabomu Nakuru na Nanyuki. Viwanja hivyo viko juu sana, yapata futi 6,000 na zaidi, na huko hewa ni nyepesi: injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Katika makaburi ya vita ya Nanyuki wamezikwa baadhi ya askari wa anga ambao vita vyao vilikoma hapo.

Swichi mbili zilizofanana

Liko jambo la mwisho, nalo ni dogo kwa kulitazama. Marubani wa B-17 walipokwisha kutua salama, mara kwa mara walikunja magurudumu badala ya kukunja vibawa vya kupunguzia mwendo, na ndege ikalala juu ya tumbo lake. Wakubwa walisema ni uzembe. Luteni Alphonse Chapanis, mtaalamu wa mambo ya akili za watu katika Wright Field, alikwenda kukitazama chumba cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa ziko bega kwa bega, tena zafanana. Rubani aliyechoka angewezaje kuzitofautisha kila mara? Chapanis akatia juu ya moja kitu chenye umbo la gurudumu, na juu ya nyingine chenye umbo la kibawa, ili mkono upapase na kujua. Kosa lile likakoma.

Orodha iliyoandikwa baada ya moto wa Ohio nayo ilifika mbali. Ndege za abiria za dunia nzima huitumia kila siku. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya namna hiyo kwa madaktari wanaopasua wagonjwa, nayo ikajaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilipungua kutoka watu 15 katika kila wagonjwa 1,000 hata kufikia 8.

Kwa hiyo dereva anayekagua breki za basi kabla ya abiria kupanda, na fundi anayesoma karatasi ingawa kazi aijua kwa moyo, wasichekwe kuwa ni waoga. Wanatumia elimu iliyonunuliwa kwa roho za vijana. Ajali itokeapo, yafaa kuulizwa kwanza ni kitu gani kilichomponza mtu, ndipo iulizwe ni nani aliyekosa. Tahadhari kabla ya hatari.