Umwitikie au uzitupe? Hesabu ya chipu zote mezani

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mchezo wa karata uitwao poka, na ndani yake swali moja tu: mwenzako anaposukuma chipu zake zote katikati ya meza, umwitikie au uzitupe karata zako? Najua miongoni mwenu wamo wengi ambao kwao kamari ni haramu, na hilo kwao halina mjadala. Nao wanaweza kusikiliza kwa ajili ya hesabu peke yake, maana hesabu yenyewe inastaajabisha.

Poka inayochezwa zaidi siku hizi ni ile ya Texas, ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi kwa wote. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia katika mashindano makuu ya Las Vegas kwa tiketi aliyoishinda kwenye intaneti, akawapita wachezaji wengine 838 na kujinyakulia dola milioni 2 na nusu. Baada ya hapo watu wengi walikimbilia mashindano madogo ya meza moja, na ni hayo ninayotaka kuyaeleza.

Tuchukue meza ya watu kumi. Kila mmoja hutoa dola 10 za zawadi, na juu yake dola 1 ya mwenye ukumbi, ambayo hairudi. Kila mmoja hupewa chipu 2,000. Wa kwanza hupata dola 50, wa pili 30, wa tatu 20, na saba waliosalia huondoka mikono mitupu. Madau ya lazima hupanda kila baada ya dakika chache, hata mkibaki wanne au watano hakuna tena nafasi ya ujanja wa polepole: mtu husukuma zote au huzitupa.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Umekwisha kuweka dau kubwa la lazima, chipu 400. Wengine wametupa, isipokuwa jirani yako wa kulia mwenye chipu 2,000 kwa jumla, naye anazisukuma zote. Wewe unatakiwa kuongeza 1,600 ili mgombee fungu la 4,000. Gawanya: ni asilimia 40. Ikiwa karata zako zina nafasi ya kushinda inayozidi hapo, chipu zinakuambia uitikie, na mbele ya mtu anayesukuma ovyo hata karata za wastani hufikia kiwango hicho. Wanaocheza kwa fedha taslimu huishia hapo, na hawakosei.

Lakini katika mashindano chipu si fedha. Huwezi kuinuka na kuzibadilisha dirishani. Thamani yake ni ile nafasi inayokupa ya kufika kwenye zawadi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Njia ya kuipima thamani hiyo iliandikwa na Mmarekani Mason Malmuth katika miaka ya 1980. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sawa na sehemu yako ya chipu zote. Akiisha kupatikana wa kwanza, mwondoe mezani, kisha zipime upya sehemu za waliobaki ili kumpata wa pili, na vivyo hivyo wa tatu.

Fikirieni basi mmebaki wanne, kila mmoja na chipu 5,000. Mko sawa, kwa hiyo kila mmoja ana thamani ya dola 25. Mmoja anasukuma zote. Ukiitikia na kushindwa, unatoka bila senti. Ukishinda, una chipu 10,000 kati ya 20,000: nusu ya nafasi ya kuwa wa kwanza, yaani dola 25, theluthi ya kuwa wa pili, dola 10, na sudusi ya kuwa wa tatu, dola 3 na senti 33. Jumla ni dola 38 na senti 33. Chipu zako zimeongezeka mara mbili, fedha zako hazikuongezeka mara mbili. Umehatarisha 25 ili kupata 13 na kitu.

Sasa gawanya 25 kwa 38.33. Tukiziacha kando chipu chache za madau ya lazima, unahitaji kushinda mara 65 katika 100. Ni kiwango kikubwa mno. Hata mpinzani angesukuma bila kuzitazama karata zake, sita mbili hazifiki hapo, na saba mbili hupita kwa nywele. Ree na mzungu wa nne, karata ambazo mgeni wa mchezo huzikumbatia kama lulu, hupita kidogo tu. Zikikutana na jozi ndogo ni takriban nusu kwa nusu.

Na zile dola zilizopotea zimekwenda wapi? Kwa wale wawili waliokaa kimya. Ninyi mkigongana, thamani ya kila mmoja wao hupanda kutoka dola 25 hadi 30 na senti 83, bila kugusa karata. Ndiyo maana anayesukuma ana njia mbili za kushinda, kwa kuogopwa au kwa karata, na anayeitikia anayo moja tu. David Sklansky aliita tofauti hiyo pengo.

Yako mashindano ambayo zawadi zake ni tiketi zilizo sawa, kama ile iliyompeleka Moneymaker Las Vegas. Humo, mkibaki wanne kwa tiketi tatu na mmoja wenu amebakiwa na chipu za kuhesabu kwa vidole, mwenye chipu za kutosha huweza kutupa hata ree mbili, na akawa amefanya sawa kabisa.

Turudi kwenye meza yetu. Wakibaki wawili, kila mmoja amekwisha kujihakikishia dola 30, na zinazogombewa ni 20 pekee. Hapo chipu unayoipata ina thamani ileile ya unayoipoteza. Hesabu ya asilimia 40 inarudi kama ilivyokuwa, na yule aliyezitupa sita mbili dakika tano zilizopita hana budi sasa kuitikia kwa karata zilizo dhaifu kuliko hizo.