Jua la Mchana, Taa ya Usiku: Umeme wa Akiba Usio na Hatari

Maneno ya mwalimu mstaafu wa fizikia katika mkutano wa wakazi wa kata



Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, lakini leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Katika mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, nilifunga paneli ya jua juu ya paa, nikanunua betri na inveta. Fundi sikumwita, nilijiona najua. Umeme ulipokatika, nilichukua waya wenye plagi ncha zote mbili, ncha moja nikaichomeka kwenye inveta na ya pili kwenye soketi ya ukutani. Nyumba nzima ikawaka. Kila mara nilizima kwanza swichi kuu, ili umeme wangu usitoke nje.

Usiku mmoja wa mvua, upepo ulikata waya unaotoka nguzoni kuja kwangu. Nikawasha inveta, swichi kuu nikaisahau. Asubuhi mafundi wakaja kuunga waya. Kijana mmoja, kabla ya kuushika, akaupima. Kisha akabisha hodi mlangoni kwangu. “Shikamoo, mwalimu. Nguzoni tumeshazima, lakini waya huu una umeme. Unatoka wapi?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu la kumpa. Kama kijana yule angekuwa na haraka siku ile, mimi ndiye niliyekuwa nimemuua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: umeme wa jua na umeme wa gridi visikutane katika waya mmoja pasipo kifaa cha kuvitenganisha. Kifaa hicho ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Ikielekezwa kwenye gridi, inveta imekatwa; ikielekezwa kwenye inveta, gridi imekatwa. Haimtegemei mtu kukumbuka. Umeme unaorudi nyuma ukifika kwenye transfoma unaweza kupandishwa hadi maelfu ya volti, na mafundi walio mbali wakadhurika. Kazi ya kuifunga mpeni fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jambo la pili: paneli peke yake si akiba. Zipo inveta zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja na gridi tu. Gridi ikizimika nazo hujizima, hata kama jua ni la saa saba mchana. Zimewekwa hivyo makusudi, kwa ajili ya usalama wa kijana kama yule. Basi kabla ya kutoa fedha, muulizeni muuzaji: “Gridi ikizimika, kifaa hiki kitawasha taa zangu?” Anayetaka mwanga wa usiku lazima awe na betri, na kati ya paneli na betri kiwepo kidhibiti cha chaji. Pasipo kidhibiti, betri hujazwa kupita kiasi na kufa mapema.

Jambo la tatu ni hesabu, na hesabu yake mnaijua kwa LUKU. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua kali ingetoa uniti moja kwa siku; kwa joto, vumbi na upotevu wa njiani, tegemeeni kama robo tatu yake. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba uniti 1.2. Ikiwa ni ya risasi na asidi, msitumie zaidi ya nusu, yaani uniti 0.6, la sivyo itachakaa upesi. Ya lithiamu huruhusu sehemu kubwa zaidi, ingawa bei yake ni ya juu.

Uniti 0.6 zafanya nini? Taa tano za wati 7 kwa saa tano ni 0.175. Televisheni ya wati 50 kwa saa tatu ni 0.15. Redio ya wati 10 kwa saa tano ni 0.05. Simu tatu ni kama 0.05. Jumla ni kama 0.425, na akiba inabaki. Lakini pasi ya wati 1,000 kwa saa moja humaliza uniti nzima. Pasi, birika na jiko la umeme visubiri gridi irudi.

Jambo la nne ni matunzo. Huku kwetu, kusini mwa ikweta, paneli zielekezwe kaskazini, kwa mwinamo mdogo ili mvua izioshe. Kivuli cha tawi la mwembe kikiangukia pembe moja tu kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima. Vumbi lifutwe asubuhi, kabla kioo hakijapata moto. Betri ya asidi hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa: isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko, iwekwe penye hewa, mbali na watoto, na fyuzi iwe karibu yake.

Ndugu wananchi, wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya umeme iliyofungwa vibaya huua, tena humuua mtu aliyekuja kutuhudumia. Waya wangu wa plagi mbili niliukata siku ile ile, mbele ya kijana yule. Kama nyumbani kwako upo wa namna hiyo, nakuomba nawe uukate leo, kabla wingu la jioni halijatanda.