Kusomesha na Kufundisha: Lugha na Uchaguzi wa Shule ya Msingi Nchini Tanzania



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu, nadhani nilitarajiwa kulizungumzia suala la lugha ya kufundishia kwa namna ambayo wengi wenu mmeizoea: tuanze na mwaka 1967, tupitie Tume ya Makweta, tulaumu, kisha tupige makofi. Hayo nitayagusa. Lakini mwaka huu suala hili limeingia nyumbani kwangu kwa mlango wa uani, kwa hiyo niwieni radhi kama pengine nitasikika kama babu zaidi kuliko mwalimu.

Binti yangu ana mtoto anayetakiwa kuanza darasa la kwanza Januari ijayo. Karibu na kwao ipo shule ya msingi ya serikali, ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu bila ya kuvuka barabara kubwa. Mbali zaidi, kwa gari la shule, ipo shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Aliponiomba ushauri nilimjibu upesi, kwa mujibu wa yale niliyoyaandika kwa miaka mingi, kwamba ampeleke ya serikali, kwa kuwa mtoto hujifunza vyema kwa lugha anayoimudu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Baba, mbona mimi ulinipeleka ya kulipia?"

Sikuwa na jibu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikitetea Kiswahili mchana darasani, na jioni nikihesabu ada ya shule ya Kiingereza. Nikiwatazama baadhi ya wenzangu waliokaa mbele hapa, sidhani kuwa niko peke yangu. Ninachokusudia leo si kuungama, bali kuuliza: mtu anayeyajua yote tunayoyajua kuhusu lugha na ujifunzaji, na bado akatenda kinyume chake, alikuwa ananunua nini?

Tuanze na neno lenyewe. Unguja, mpaka leo, mwalimu ndiye anayesomesha. Husemwa "anasomesha hesabu" na hapana anayeshangaa. Bara, hasa mijini, maana imehama. Mtu akisema "nasomesha watoto watatu," msikilizaji haulizi anafundisha somo gani. Anamhurumia kwa ada. Kazi ya mwalimu imeachiwa kitenzi kufundisha. Kauli ya kutendesha ni ileile, lakini msababishaji amebadilika: zamani alikuwa yule aliyemfanya mtoto asome kwa kukaa naye, sasa ni yule anayemfanya asome kwa kutoa fedha. (Tofauti ya skuli ya Unguja, iliyotokana na Kiingereza, na shule ya Bara, iliyotokana na Kijerumani, imeandikwa sana, hii ya kusomesha inangoja mwanafunzi wa uzamili mwenye bidii.) Mazungumzo yetu ya nyumbani yalikuwa hayo hasa. Mimi nilikuwa nikizungumzia kufundisha, binti yangu alikuwa akizungumzia kusomesha.

Historia nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza kipandishwe mpaka sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikiacha Kiswahili katika msingi na Kiingereza katika sekondari, na papo hapo ikawahimiza watu na mashirika ya binafsi waanzishe shule. Ada ilipofutwa katika shule za msingi za serikali chini ya MMEM, mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walimiminika, na hilo lilikuwa jambo jema kabisa. Madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Sera ya mwaka 2014 ilitamka kwamba lugha zote mbili zitatumika. Kwa vitendo, mlango wa kidato cha kwanza umebaki wa Kiingereza.

Mlango huo ndio unaowavuta wazazi kutoka mbali. Mtoto wa shule ya serikali hujifunza kwa miaka mingi kwamba sehemu ina kiasi na asili, kwamba namba mbili zina kigawe kidogo cha shirika, kwamba duara lina mzingo na kipenyo, na kwamba jani la kijani hufanya usanisinuru. Ni istilahi nzuri, zilizotungwa kwa jasho, na nyingine wengi wetu humu tulizijadili kwa ugomvi. Kisha anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa aziache zote mlangoni kama viatu vya msikitini, ila hapa haambiwi atazichukua wakati wa kutoka. Mzazi anayeliona hilo na kuamua mwanawe aanze mapema na lugha ya mlango ule hafanyi ujinga. Tumezoea kumwita mwenye kasumba. Mimi nilikwisha kuandika hivyo, na leo nayafuta.

Hata hivyo, nilipokwenda na binti yangu kuzitembelea shule zote mbili, niligundua kwamba Kiingereza hakikuwa jambo la kwanza alilolitazama.

Katika shule ya serikali tulikuta darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 80 kwa hesabu yangu, wengine wakiwa wanne katika dawati moja, ilhali kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, hodari kupindukia. Alikata chungwa vipande vinne akauliza ni kipande gani kikubwa, na watoto wakaanza kubishana. Mmoja alisimama akadai kwamba vipande havilingani, kwa hiyo si robo. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Binti yangu akaninong'oneza: "Yule wa nyuma pale, anayekunja macho, haoni ubaoni. Mwalimu atamjuaje?"

Katika shule ya binafsi darasa lilikuwa na watoto 26. Mwalimu alimjua kila mtoto kwa jina, na mama yake kwa simu. Daftari zilikuwa zimesahihishwa. Lakini alipouliza swali watoto walijibu kwa pamoja, kwa wimbo, na jibu lilikuwa ni lile lile alilokuwa amelitamka yeye nusu dakika kabla. Hakuna aliyebisha. Ubishi unahitaji lugha, nao lugha hiyo walikuwa hawajaipata bado. Ukutani palibandikwa amri ya kutozungumza Kiswahili ndani ya eneo la shule, na nilipouliza adhabu yake ni nini, mwenyeji wetu alicheka tu.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya hoja yetu sisi watu wa lugha. Tunapozilinganisha shule hizi mbili tunadhani tunalinganisha Kiswahili na Kiingereza, kumbe mambo matatu yanabadilika kwa pamoja: lugha, idadi ya watoto kwa mwalimu, na uwezo wa wazazi. Matokeo yakitoka, sifa zote hupewa lugha kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao cha nje. Mzazi ananunua mwalimu atakayegundua kwamba mwanawe haoni ubaoni. Kiingereza ni karatasi ambamo bidhaa hiyo imefungwa. Angeipata shule ya binafsi yenye watoto 26 inayofundisha kwa Kiswahili, tungeweza kumjaribu, lakini shule ya namna hiyo haiwezi kudumu sokoni maadamu mlango wa sekondari uko kama ulivyo. Ziko pia shule chache za umma zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio ya Upanga, na hizo nazo zinatuonyesha kwamba mstari kati ya serikali na binafsi haukuwa lazima uwe mstari kati ya lugha mbili. Tuliuchora wenyewe.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada, nasema hivi: acheni kidogo kupima mielekeo ya wazazi kwa hojaji. Tumekwisha kujua wanachokisema. Nendeni mkakae nyuma ya darasa, mhesabu ni mara ngapi mtoto anauliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia, kwa lugha gani, na darasani wakiwa wangapi. Takwimu hizo zingenifaa miaka ishirini na mitano iliyopita, nilipokuwa nikijaza fomu ya binti yangu usiku ili majirani wasiione.

Yeye bado hajaamua. Fomu zote mbili ziko mezani pake. Juma lililopita aliniambia, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba yuko tayari kumpeleka mtoto shule ya serikali kwa sharti kwamba mimi, niliyestaafu na mwenye asubuhi zangu, niende kule mara tatu kwa juma nikakae na watoto wa madawati ya nyuma. "Umeandika sana, Baba," alisema. "Sasa kasomeshe, kwa maana ya Unguja." Jumatatu nina miadi na mwalimu mkuu.