Kuwapokea Wanachama Wapya Wenye Mambo Tofauti katika Mtandao wa Kijamii Usio na Kitovu

Mada kwa wasimamizi wa seva na wakufunzi wa mitandao ya jamii, Sarang'ombe, Kibera

Utangulizi

Nimeombwa nianze na maana. Ninyi mnaendesha seva, kwa hiyo sitakawia hapo. Mtandao usio na kitovu ni seva nyingi zenye wenyewe tofauti, zinazoelewana kwa itifaki moja, ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Programu maarufu zaidi ni Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016. Mwenye akaunti kwenye seva moja humfuata wa seva nyingine bila kuhama. Sababu za watu wa hapa kuutafuta mtandao huu zinajulikana pia: Telegram ilivurugika wakati wa mtihani wa KCSE Novemba 2023, ikafungiwa tena 2024. Nisieleweke kwamba napinga hatua za mamlaka. Nataja tu kilichowaleta watu kwetu. Yafuatayo ni maoni yangu, si msimamo wa taasisi iliyonituma.

Tatizo lenyewe

Ripoti zetu huhesabu akaunti zilizofunguliwa. Hazihesabu zilizonyamaza. Nimelisema hili miaka nenda miaka rudi, na leo nalisema tena.

Akaunti hunyamaza kwa sababu mgeni anaingia na kukosa mtu wa mambo yake. Sehemu ya lawama ni ya mitambo. Seva haichoti ujumbe wa dunia nzima. Hupokea hasa ule wa akaunti zinazofuatwa na mtu aliye ndani yake. Seva changa yenye mafundi wa kompyuta watupu inajua mambo ya kompyuta, basi. Shabiki wa Gor Mahia akitafuta jina la timu yake Jumapili jioni anakuta ukurasa mtupu. Walioandika wapo, ila seva yake haijawahi kuwasikia. Anayejisajili peke yake hana nafuu: tangu 2023 programu ya simu ya Mastodon humwelekeza kwanza kwenye mastodon.social, seva kubwa ya Ulaya, na huko anapokewa kwa Kiingereza na Kijerumani.

Kisha lugha. Simu nyingi hapa zimewekwa Kiingereza, na programu huhesabu kila ujumbe kuwa wa lugha hiyo mpaka mwenyewe abadilishe. Mtu anaandika Sheng tupu, ujumbe unaingia kama Kiingereza, na aliyechuja apate Kiswahili pekee hauoni. Wasimamizi nikiwaeleza hutikisa kichwa kukubali, na mipangilio hubaki vilevile.

Lawama kubwa, hata hivyo, ni yetu. Mama mmoja anayeuza viatu vya mtumba soko la Toi alihudhuria mafunzo. Akapiga picha jozi alizokwisha kung'arisha, kazipanga juu ya gunia, akaandika saizi na bei. Jibu la kwanza lilitoka kwa mwanachama wa siku nyingi: picha haina maelezo kwa wasioona, na matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Hakuna aliyeuliza kama saizi 40 ipo. Maelezo ya picha ni jambo jema, nami huyafundisha. Lakini yule mama alirudi WhatsApp jioni ileile, waliko wateja wake. Ile kanuni ya matangazo tuliinakili neno kwa neno kutoka seva za watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kibera nani anauza nini ndiyo nusu ya mazungumzo.

Duniani hali haikuwa tofauti sana. Elon Musk aliponunua Twitter Oktoba 27, 2022, watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipita milioni 2, kisha wengi wakaondoka. Wapo wanaolaumu ugumu wa kuchagua seva. Mimi nalaumu mapokezi.

Mapendekezo

Wapokeaji wasiwe mafundi. Mashabiki wa soka, wasusi, wanakwaya na watu wa bodaboda kila mmoja wao apokewe na mtu wa kundi lake, hata kama mtu huyo hajui seva ni nini. Kabla ya kufungua mlango, msimamizi afuate akaunti za mambo hayo ili ukurasa usiwe mtupu. Watu wasajiliwe kwa kikundi kizima, chama au kwaya, wafike wakiwa tayari na wa kuzungumza naye. Lugha ya ujumbe ibadilishwe siku ya kwanza, mkufunzi akiwa ameketi hapo.

Kanuni ya matangazo iandikwe upya ikataze ulaghai na makampuni, kibanda kiachwe. Anayetaka kumrekebisha mgeni amjibu kwanza alichosema.

TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana hapa Kibera, umeonyesha kwamba masomo yanaweza kukaa ndani ya mtandao kama huo. Seva nayo ikae humo, mazungumzo ya jirani kwa jirani yasile bando. Mwenye mtandao afuate mfumo wa leseni wa Mamlaka ya Mawasiliano wa 2021, na anayehifadhi taarifa za watu asome Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kabla hajaulizwa.

Narudia, kwa kuwa hili ndilo husahaulika: wapokeaji wasiwe mafundi, na seva isifunguliwe ikiwa tupu.

Mwisho, ripoti ziongezwe safu moja ya akaunti zilizoandika tena mwezi wa pili. Wafadhili hawataipenda. Fomu nimeileta, anayeitaka aichukue mezani kabla ya chakula cha mchana.