Geti la Kona Nalo ni Makutano

Jina la Kwamsisi lipo Handeni na lipo Korogwe. Kwamsisi ya Handeni inafikiwa kwa barabara inayochepuka Mkata, pembeni ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Kwamsisi ya Korogwe ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji. Mkazi wa huku na wa kule hawezi kusafiri mbali bila kukutana na njiapanda yenye pilika, iwe ya Mkata, ya Segera au mojawapo ya zile za mjini Korogwe. Na penye njiapanda ndipo kiwanja kinapogombewa: fremu zinapata wapangaji upesi, usafiri uko mlangoni, thamani inapanda kila mwaka. Nyumba ikishasimama pale, geti linawekwa pale fundi na mwenye nyumba walipoona panafaa. Hoja yangu ni kwamba geti lililo hatua chache kutoka kwenye makutano limeshakuwa sehemu ya makutano hayo, na mahali pake pangepaswa kuamuliwa kwa uangalifu uleule tunaotumia kuamua wapi barabara mbili zikutane.

Tuanze na taa ya ishara. Gari linakuja kwenye barabara kuu, limewasha taa ya kushoto kabla ya kona. Kijana wa bodaboda anayesubiri kutoka mtaani anaiona ile taa, anajua gari linaingia kwenye mtaa wake, anaachia klachi na kuondoka. Kumbe dereva alikuwa anakwenda kwenye geti lililo mbele kidogo ya kona. Ukiwahoji wote wawili baadaye, kila mmoja atakuwa na sababu ya kusema alifuata taratibu, kwa sababu taa moja ilikuwa na maana mbili mahali pamoja. Hatari ya pili iko kwa anayeingia getini kwa mkono wa kulia. Analazimika kusimama katikati ya barabara akisubiri wanaokuja wapite, huku walio nyuma yake wametoka kwenye makutano na ndiyo kwanza wanakanyaga mafuta. Kama geti limefungwa na inabidi apige honi hadi mtu atoke ndani kulifungua, mkia wa gari unabaki barabarani muda wote huo. Na ya tatu, ambayo naiona mbaya kuliko zote, ni kutoka kwa kurudi nyuma. Dereva haoni chochote mpaka nusu ya gari imeshafika kwenye njia wanayopita wanafunzi, akina mama wenye ndoo na baiskeli za mkaa. Ukuta mrefu umemziba upande mmoja, upande wa pili kuna kibanda cha chipsi na pikipiki zilizopangwa zikisubiri abiria.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mwendo wa mwisho katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, ambao ni karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kutambua hatari na kufikisha mguu kwenye breki, gari limeshakwenda mita 21 kabla halijaanza kupunguza mwendo. Anayekimbia kilomita 80 amekwenda mita 33. Geti lililo mita 10 kutoka kwenye kona halimpi hata huyo mtiifu wa kilomita 50 nafasi ya kusimama, akilikuta gari ghafla baada ya kona. Ndiyo maana siridhiki na jibu la kwamba madereva wabadilike, basi. Wabadilike, ndiyo. Watu wa Korogwe hawajasahau usiku wa Februari 3, 2023, pale Magira Gereza, basi dogo lililobeba waombolezaji na jeneza lilipogongana na lori na watu wasiopungua 17 wakapoteza maisha. Msiba wa namna ile unazungumzwa nchi nzima. Mtoto aliyevunjwa mguu mbele ya geti la jirani hazungumzwi, wala hakuna anayekuja na futi kupima kilichosababisha. Nidhamu ya dereva haimsaidii kuona kupitia ukuta wa tofali.

Wapo watakaosema: kiwanja ni changu, na nilikuwapo kabla ya lami. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, wengi waliamka wakakuta alama ya X ya kubomolewa ukutani, na uchungu ule haujaisha. Lakini hapa hakuna anayeomba nyumba ibomolewe. Haki ya kufika nyumbani kwako inabaki palepale. Kinachojadiliwa ni upande gani wa kiwanja utumike. Kiwanja cha kona kina barabara mbili, na mara nyingi moja ni ya mtaa, yenye magari machache. Wengine wanaomba matuta. Tuta linapunguza mwendo, sibishi, ila halimwonyeshi dereva kilicho nyuma ya ukuta, na halibadilishi maana mbili za ile taa ya kushoto.

Kwa anayejenga sasa, dawa si ghali. Geti lifunguke upande wa mtaa, mbali na kona kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Lirudishwe ndani kiasi cha urefu wa gari moja, ili dereva asubiri kufunguliwa akiwa nje ya barabara. Uani pabaki nafasi ya kugeuza, gari litoke kwa kutanguliza uso, na ukuta wa pembeni uwe mfupi au wa nondo ili pande zote zionane. Kwa aliyekwisha kujenga, kupunguza kozi chache za tofali kwenye pembe na kuhamisha kijiwe cha bodaboda ni kazi ya siku chache, mwenyekiti wa mtaa akikaa na vijana wenyewe wakakubaliana. Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. TANROADS wana barabara kuu na za mkoa, TARURA wana za mitaa. Ramani ya nyumba ya kona ikifika mezani, ofisa wa halmashauri na mhandisi wa barabara husika waende kiwanjani pamoja, wasimame pale geti linapotarajiwa kuwa, waangalie kushoto na kulia, wapime, ndipo wagonge muhuri. Uchunguzi huo ufanyike kabla fundi hajachimba msingi, maana nguzo zikishamwagiwa zege, mwenye nyumba atakuwa ametumia fedha zake na kila mazungumzo yatageuka ugomvi.