Jina la Dukani na Mwenye Deni Mahakamani

Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, pamoja na marekebisho yaliyofuata, imewawezesha Wakenya kuwasilisha madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 bila kulazimika kuweka wakili, na inaitaka mahakama hiyo imalize shauri katika siku 60 tangu lilipowasilishwa. Hata hivyo, nafuu hiyo yote inaweza kupotea pale mdai anapomtaja mdaiwa asiye sahihi. Mdaiwa ni yule ambaye mahakama inaombwa imwamuru alipe, na ni lazima awe mtu anayetambuliwa na sheria; maandishi yaliyochorwa juu ya mlango wa duka hayana hadhi hiyo.

Biashara ndogo nyingi huangukia katika mafungu matatu. La kwanza ni la mtu mmoja aliyesajili jina la biashara, ambalo kwake ni kama vazi, kwa kuwa halimtenganishi na madeni yake. Fundi wa samani aliyepokea malipo ya awali ya kabati na asilitengeneze hudaiwa kwa jina lake mwenyewe, likifuatwa na maneno "anayefanya biashara kwa jina la", kisha jina la karakana. Fungu la pili ni ubia wa kawaida, ambapo watu wawili au zaidi hufanya biashara pamoja kwa kugawana faida, na kila mbia huwajibika kwa deni la wote. La tatu ni kampuni, ambayo tangu hukumu ya Salomon iliyotolewa Uingereza mwaka 1897 huhesabiwa kuwa mtu tofauti na wenye hisa. Aliyeuziwa friji mbovu na kampuni huidai kampuni. Kwa kawaida hawezi kumdai mkurugenzi, sembuse mhudumu aliyepokea fedha kaunta, isipokuwa mkurugenzi huyo aliweka dhamana binafsi au aliitumia kampuni kuficha ulaghai.

Dalili za kumtambua mwenye deni mara nyingi zimo mikononi mwa mteja mwenyewe. Risiti ya kodi hubeba PIN, yaani namba ya mlipakodi: inayoanza kwa herufi A ni ya mtu binafsi, na inayoanza kwa P ni ya kampuni au chombo kingine kisicho mtu binafsi. Ujumbe wa M-Pesa nao huonyesha jina lililosajiliwa kwenye namba ya malipo, ingawa jina hilo pekee halitoshi kuwa uthibitisho. Uthibitisho hupatikana kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia mfumo wa eCitizen, ambako mdai huomba taarifa za mwenye jina la biashara au, ikiwa ni kampuni, hati iitwayo CR12 inayotaja wakurugenzi na wenye hisa.

Kosa la kumtaja asiyehusika halifungi mlango mara moja, kwani Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010 huruhusu mahakama kumwondoa au kumwongeza mhusika. Lakini marekebisho hula muda, na madai ya mkataba kwa kawaida hufa baada ya miaka 6, hivyo mdaiwa sahihi anaweza kupatikana wakati sheria haimgusi tena. Lililo baya zaidi ni kushinda dhidi ya jina tupu, kwa sababu dalali wa mahakama hawezi kukamata mali ya asiyetajwa katika hukumu, na mwananchi aliyedhulumiwa hubaki na karatasi isiyolipa chochote.

Kwa hiyo, kila mteja adai risiti yenye PIN siku anayolipa, aihifadhi, na asiwasilishe madai yoyote kabla ya kuthibitisha katika sajili ni nani hasa aliyechukua fedha zake.