Shule zimefungwa, watoto wako barabarani

Likizo ya Desemba imefika, jua kali, na mitaa yetu mingi haina uwanja. Mtoto akitoka mlangoni tu, yuko barabarani. Mpira ukiponyoka anaukimbilia, hatazami kushoto wala kulia. Tusimlaumu, ni mtoto.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Mjini sheria inaruhusu mwendo wa hadi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Yaani dereva kabla hajagusa breki, ashapita mlango wako na wa jirani. Na nyinyi wa bodaboda mnaopita vichochoroni simu iko sikioni (msicheke, wengine mko hapa), hiyo sekunde mnaitoa wapi?

Ombi langu: saa za kwenda na kutoka madrasa, tusimame wawili wawili pale wanapovukia. Mdogo ashikwe mkono, hata kama si wa kwenu. Barua ya kuomba matuta tumeshaiandika, zimebaki sahihi zenu. Karatasi iko kwa dada pale mlangoni.